Mwenye Bucha Katika Mkahawa wa Tui

Asubuhi hiyo Wesonga alishindwa kuvaa gambuti. La kushoto liliingia bila shida, la kulia likagoma. Kidole gumba kilikuwa kimevimba na kuwa chekundu kama nyanya, na hata shuka lilipokigusa alihisi kama amekanyaga kaa la moto. Akaketi ukingoni mwa kitanda, gambuti mkononi, huku akimsikia mkewe Ajiambo akiimba jikoni na kukaanga maini ya kifungua kinywa.

"Baba Yvonne! Maini yanapoa!"

"Nakuja!" akajibu, akiwa ameuma meno.

Hakuna aliyefanya biashara mjini Voi asimjue Wesonga. Baba yake alitoka Samia, huko magharibi, kuja kufanya kazi ya reli, naye akazaliwa na kukulia kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Sasa alikuwa na bucha yake karibu na soko, yenye vigae vyeupe na jina lake limeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya mlango. Mbuzi aliwanunua mwenyewe huko Miasenyi, akiwapapasa mgongo mmoja mmoja kabla ya kukubali. Nyuma ya bucha kulikuwa na banda la kuchomea nyama, ambako wanaume walikutana jioni kubishana kuhusu mpira na siasa. Wesonga alikuwa mnene, mwenye sauti nzito ya kwaya na tumbo lililotangulia mbele yake kila alikokwenda.

"Hili ndilo tangazo langu," alizoea kusema, akilipiga kofi. "Ukiona bucha ambayo mwenyewe amekonda, pita uende zako."

Asubuhi hiyo alimwambia mkewe kwamba gogo la kukatia nyama lilikuwa limemwangukia mguuni. Kisha akavaa sandali, akawasha pikipiki yake na kwenda kliniki.

Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yake. Alikitazama kidole, akampima damu, akarudi na majibu.

"Mzee, hii ni gauti. Wengine huita jongo. Unakula nyama mara ngapi kwa wiki?"

Wesonga akamtazama kama ameulizwa anapumua mara ngapi kwa wiki.

"Mimi nina bucha," akasema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Pole," akasema, na ilionekana ametoa pole hiyo moyoni kabisa.

Alimpa dawa na kumweleza. Nyama nyekundu aiache kwa sasa, maini na matumbo ndiyo kabisa asiyaguse, supu ya mifupa na bia vilevile. Anywe maji kwa wingi. Apunguze tumbo. Wesonga alitikisa kichwa kwa kila neno kama mwanafunzi mtiifu, lakini njiani kurudi alikuwa akiwaza jambo moja tu: watu wasijue. Mwenye bucha asiyekula nyama ni kama kinyozi anayeogopa wembe. Na Ajiambo je? Ajiambo ambaye kila jioni humngojea arudi na kifurushi cha steki, ambaye hujivunia kwa majirani kwamba kwake sufuria haijawahi kukosa nyama? Hapana. Huyo ndiye wa mwisho kujua.

Basi akaanza kudanganya. Nyumbani alisema, "Nimeshiba, nimekula bucha," na maini ya asubuhi aliyafunga akisema atayala kazini. Buchani, rafiki yake Mutuku alipomsukumia sahani ya mbavu, alisema, "Nimeshiba, nimekula nyumbani." Mutuku aliwahi kuwa nyapara katika shamba la mkonge na hakuwa mtu wa kudanganywa kirahisi, lakini aliamini, kwa sababu sahani yote ilibaki kwake. Wesonga akawa mtu aliyeshiba kila mahali na mwenye njaa siku nzima. Alishindia ndizi na karanga alizonunua kwa kujificha. Harufu ya nyama ikitokota kwenye jiko lake mwenyewe ilimfanya alengwe na machozi.

Siku ya soko, njaa ilipomzidi, alimwachia mdogo wake Chrispine bucha, akavaa kofia ya pikipiki na kuondoka kwa miguu akichechemea. Pikipiki aliiacha, maana kila mtu aliijua. Akapinda kichochoro kinachoelekea stesheni ya zamani, akiwa hana mpango wowote ila kutafuta mahali pasipo na mtu anayemfahamu. Ndipo akaona nyumba ndogo ambayo ukuta wake wa mbele ulijengwa kwa chupa za vioo, za kijani, za buluu na za kahawia, vitako vikitazama nje. Juu ya mlango paliandikwa kwa mkono: *Mkahawa wa Tui*. Chini yake, kwa herufi ndogo: *Hatupiki chochote kilichotoka kwa mnyama.*

Wesonga akasoma maneno yale kwa utaratibu. Akaangalia nyuma. Akaingia.

Ndani kulikuwa na ubaridi mzuri. Jua lilipita kwenye chupa na kumwaga rangi sakafuni. Viti vilitengenezwa kwa milingoti ya mkonge iliyokauka, miepesi lakini imara, na mezani hapakuwa na plastiki yoyote, hata mrija.

"Karibu, kaka. Keti palipo na hewa," mwanamke mmoja akasema kutoka jikoni. Alikuwa wa makamo, amevaa dera na mtandio, aproni imefungwa kiunoni. "Na hiyo kofia waweza kuivua. Humu ndani hakuna pikipiki."

Wesonga hakuivua. "Naomba chai ya maziwa," akasema kupitia kwenye kioo cha kofia.

"Maziwa ya nini?"

"Ya nini tena, mama? Ya ng'ombe."

"Ya ng'ombe sina. Nina ya nazi, ya korosho na ya njugu. Nyama sina, mayai sina, samli sina, hata asali sina." Aliyasema bila kuomba radhi, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.

"Nyama hakuna kabisa?"

"Hata mchuzi wake."

"Supu ya mifupa je?"

"Kaka, hata paka wangu huenda kula kwa jirani."

Wesonga akavua kofia, akaiweka mezani, akashusha pumzi ndefu. "Basi niletee kila kitu," akasema.

Mwanamke huyo aliitwa Mwanatumu. Familia yake ilihamia Voi kutoka pwani tangu enzi za babu yake, aliyekuwa na duka la vitambaa. Alimletea Wesonga mahamri ya moto na mbaazi za nazi, sambusa za dengu, katlesi za mhogo, na kipande cha keki ya ndizi za Mboghoni iliyoumuka vizuri ingawa haikuwa na yai. Wesonga alikula kimoja baada ya kingine. Alipofika kwenye mbaazi akasita kidogo.

"Lakini hii si mbaazi na mahamri tu? Hii nimekula tangu nikiwa mtoto!"

"Ndiyo hiyo hiyo," Mwanatumu akacheka. "Watu wa mji huu wamekula chakula changu maisha yao yote, hawajui tu kwamba siku hizi kina jina la Kizungu na watalii wanakitafuta."

Mwisho akamletea kahawa. Ilitoka Taita juu, milimani, akaikaanga mwenyewe kwenye chungu, akaitia iliki na mdalasini, na juu yake akamwagia tui zito alilolipiga kwa mkono mpaka likatoa povu. Wesonga akanywa. Hakuwa mpenzi wa kahawa, lakini ile ilishuka kifuani kama habari njema.

"Nikitaka kwenda nayo?" akauliza.

"Lete kikombe chako. Hapa hatutoi vya kutupa. Mume wangu Munir aliendesha lori barabara ya Mombasa miaka mingi, akachoka kuona chupa na vikombe vimetapakaa njia nzima. Hizo chupa ukutani aliziokota yeye, moja moja. Hata makapi ya kahawa hayatupwi, yaenda kwenye magunia tuliyopandia sukuma wiki huko nyuma."

"Na nyama mliiachia nini?"

"Binti yangu Nuha. Tangu mdogo akila yai, maziwa au nyama avimba mwili mzima. Nikajifunza kumpikia vitu vyake. Wageni wakaja wakaonja, wakauliza wapi wataweza kununua. Sasa yeye yuko chuoni Nairobi, mimi nimebaki na mkahawa." Akainua mabega. "Wewe je? Waonekana mtu uliyekimbia jambo."

Wesonga akatazama kidole chake kilichochungulia kwenye sandali. "Nimekimbia bucha," akasema.

Tangu siku hiyo akawa mteja. Alikuja asubuhi shughuli zilipopungua, akakaa kona ile ile chini ya chupa za buluu, akala, akapiga gumzo na Munir kuhusu malori na garimoshi. Uvimbe ulipungua. Mshipi wa suruali ulianza kurudi tundu kwa tundu. Na kwa kuwa alitaka kahawa ya kumsukuma mpaka jioni, siku moja alifungua kabati la vyombo sebuleni kwake, akachukua kikombe cha kwanza alichokiona na kukitia mfukoni mwa koti.

Hapo ndipo alipojichongea.

Ajiambo alikuwa fundi wa nguo, mwenye cherehani yake pale sokoni, na macho yaliyozoea kuona mshono uliokwenda upande. Alikuwa ameona mengi. Mume wake hakuwa akila nyumbani tena. Mume wake alikuwa amepungua na kumletea suruali azipunguze kiuno. Mume wake alikuwa akirudi ananukia, si moshi na damu kama siku zote, bali iliki na mdalasini. Na juu ya hayo yote, alikuwa akipiga mluzi bafuni. Aliyaweka moyoni, akasema pengine ni umri. Lakini siku alipofungua kabati na kukuta kikombe kimoja cha maua hakipo, kikombe cha seti ya harusi yao ambacho hata mchungaji huwa hakinywei, alivitoa vingine vyote akavihesabu upya.

Kesho yake Lavender, aliyeuza mitumba kibanda cha pili, akavuta kigoda karibu na cherehani.

"Mama Yvonne, unajua mimi si mtu wa umbea."

"Sema tu."

"Baba Yvonne nimemwona mara nyingi akiingia kile kichochoro cha stesheni. Amevaa kofia ya pikipiki, na pikipiki hana. Kuna nyumba ya chupa huko. Mwenyewe ni mwanamke, na amenawiri kweli kweli."

Ajiambo hakumaliza pindo alilokuwa akishona. Aliondoka na tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, akapita katikati ya soko bila kuitikia salamu ya mtu. Watu walipomwona anavyotembea, baadhi yao wakaona si vibaya kumfuata kwa mbali. Mutuku, aliyekuwa akinunua nyanya, alikuwa miongoni mwao.

Wesonga alikuwa ndiyo kwanza ameinua kikombe. Alimwona mke wake mlangoni, mkono wake ukaganda hewani. Povu la tui lilikuwa limemkaa kwenye masharubu.

"Kwa hivyo ni hapa," Ajiambo akasema.

"Mama Yvonne..."

"Usiniite Mama Yvonne! Kikombe changu cha harusi! Unamletea mwanamke kikombe changu cha harusi!"

Mwanatumu akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Kuna nini, dadangu?"

"Ni wewe unayempikia mume wangu?"

"Mimi nawapikia waume wa watu wote, dada. Nimefungua mkahawa."

Mlangoni kukasikika kicheko kilichokatishwa. Munir naye akatokea uani, nyundo mkononi na misumari mdomoni, akauliza kwa ishara ya nyusi kulikoni.

"Na huyu ni nani?" Ajiambo akauliza.

"Mume wangu."

Ajiambo akamtazama Munir, akamtazama Mwanatumu, akaitazama meza. Hasira yake ilikuwa imekuja na nguvu zote, sasa ikakosa pa kutua.

"Kama si mwanamke," akasema, "basi ni nini, Wesonga? Ni nini kinachokuondoa kwangu?"

Wesonga akafuta masharubu kwa kiganja. Akatazama chini.

"Ni mbaazi," akasema.

"Mbaazi?"

Akavua sandali ya kulia na kuunyoosha mguu katikati ya sakafu, ambako rangi za chupa zilikiangukia kidole. "Hakuna gogo lililoniangukia. Nina gauti. Daktari amenikataza nyama. Nyumbani sikuweza kusema, bucha sikuweza kusema, na njaa ilikuwa inaniua. Hapa ndipo nimekuwa nikila."

Mwanatumu akaenda mlangoni, akawaambia waliokusanyika kwamba mwenye kutaka kuagiza aingie na asiyetaka aende na Mungu, kisha akaurudisha mlango. Akamvutia Ajiambo kiti, akamwekea maji, akamshika Munir mkono wakaingia jikoni.

Ajiambo alikaa. Kisha machozi yakamtoka.

"Umeumwa muda wote huo na mimi nakukaangia maini," akasema. "Nakukaangia sumu kila asubuhi, unanitazama tu."

"Nilikuwa nampelekea Chrispine. Yeye ndiye amenenepa."

"Usinichekeshe. Nimekasirika." Akajipangusa kwa ncha ya leso. "Uliogopa nini? Kwamba nitakucheka?"

Wesonga akakizungusha kikombe cha maua mezani. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini haya yalikuja kwa taabu.

"Unajua kule landi tulikuwa tunakula nyama Krismasi tu," akasema. "Baba alikuwa anaileta kwenye gazeti, imetota, na sisi watoto tunamfuata nyuma kama ni bwana harusi. Anaigawa kipande kimoja kimoja. Yeye mwenyewe anakunywa mchuzi, anasema meno yanamuuma. Nilipokuoa niliapa kwamba nyumba yangu nyama haitakosekana hata siku moja. Sasa nikuambie nini? Kwamba mimi ndiye nimeshindwa kuila? Niliona kama nitakuwa nimerudi kule."

Ajiambo alimtazama mume wake, mashavu yake yaliyopungua, jasho kwenye paji la uso.

"Baba Yvonne," akasema taratibu, "wewe uliponioa ulikuwa unauza omena kwenye beseni. Bucha ilikuwa wapi wakati huo? Mimi sikuja kwako kufuata steki." Kisha ghafla akakumbuka jambo, akakaa wima. "Halafu wewe! Miaka yote nakupikia mboga za mrenda na saga na kunde, unasukuma sahani unasema ni chakula cha ng'ombe. Miaka yote! Kumbe ukipikiwa na mwanamke mwingine unakula majani!"

Jikoni Munir akashindwa kujizuia, akaangua kicheko, na kicheko hicho kikamwambukiza Ajiambo. Alicheka mpaka tepu ikaanguka kutoka shingoni. Wesonga naye akacheka, kwanza kwa woga, halafu kwa moyo wote. Mwanatumu akaleta sahani ya pili ya mbaazi bila kuulizwa. Ajiambo akaonja, akaonja tena, akasema chumvi imepungua kidogo lakini si mbaya. Sahani ikarudi jikoni nyeupe.

Nyumbani mambo yakawa sawa. Lakini wale waliosimama nje ya mlango walikuwa wamebeba vipande vya habari, na kila mmoja akavipeleka alikojua. Kabla jua halijazama soko zima lilikuwa na habari: Wesonga hali nyama ya bucha yake mwenyewe. Walioanza kuisema waliisema kwa utani. Waliofuata waliuliza, kwani ile nyama ina nini? Kesho yake mama mmoja akapita bucha na kuingia ya jirani, akitazama upande mwingine. Siku ya pili wakapita wengi. Jumamosi, siku ambayo banda la kuchomea hujaa mpaka watu wakakalia masanduku ya soda, palikuwa na Chrispine, jiko la makaa lililowaka bure, na inzi. Hata Mutuku hakuonekana.

"Wanasema unaweka dawa kwenye nyama," Chrispine akasema. "Wanasema ndiyo maana umekonda."

Wesonga akatazama ndoano zilizojaa mbuzi wa Miasenyi, nyama safi, nyekundu, ambayo hakuna aliyeitaka. Alitamani kufunga mlango aende kujificha chini ya zile chupa za buluu. Badala yake alimtuma Chrispine kwa Ajiambo. Ajiambo akaja, akasikiliza, akasema, "Uwongo wako ndio uliozaa uwongo wao. Ukweli ulitutosha sisi wawili, utawatosha na hao."

Basi Wesonga akatoka nje ya bucha. Alibeba lile gogo la kukatia nyama, akaliweka barabarani, akapanda juu yake na kuanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti yake nzito. Watu wakageuka. Wauza mboga wakasimama, madereva wa bodaboda wakazima injini, Lavender akaacha mitumba. Alipoona wamekuwa wengi, akanyamaza, akavua sandali.

"Mnakiona hiki?" akasema, akiinua mguu huku Ajiambo amemshika kiuno asianguke. "Hiki kidole kina gauti. Daktari wa kliniki amenipima, na ukitaka kumuuliza, muulize, nimemruhusu. Nyama yangu nimeila miaka na miaka, asubuhi, mchana na jioni, na maini juu yake. Nyama haina ubaya. Ubaya ni mimi sikujua kusema basi. Niliona aibu, nikaenda kula mbaazi nimevaa kofia ya pikipiki kama mwizi. Hiyo ndiyo siri yangu yote. Nyama ni safi. Kibovu ni kidole!"

Mzee mmoja mwenye bakora akauliza kwa sauti, "Na kinauma zaidi ukivaa viatu?"

"Kama moto, mzee wangu."

"Basi na mimi ninacho," mzee akasema, na watu wakacheka, lakini dereva mmoja wa bodaboda hakucheka. Alisogea mbele akauliza kliniki hiyo iko upande gani.

Mutuku alijitokeza nyuma ya kibanda cha nyanya. Alikuja akitembea polepole, kichwa chini, na Wesonga akaona jambo ambalo njaa yake mwenyewe ilikuwa imemzuia kuliona. Mutuku alikuwa amevaa malapa, na mguu mmoja ulikuwa umevimba mpaka kifundoni.

"Nilidhani ni uzee," Mutuku akasema. "Mbavu zako zote nimekuwa nikizila mimi. Za kwangu na za kwako."

"Pole, ndugu yangu. Nimekulisha kwa mikono miwili."

"Na mimi ndiye nilimwambia mke wangu unakula majani. Yeye akaambia kikundi chake cha kina mama. Sikutaka ifike huku."

"Kesho nitakupeleka kwa daktari," Wesonga akasema. "Lakini leo ununue kilo, mpelekee huyo mke wako, nao kina mama wakuone ukiibeba."

Mutuku akanunua. Mama aliyepita akitazama upande mwingine alirudi, naye akanunua. Jioni banda lilijaa, na Wesonga aligeuza mbavu kwenye makaa kwa ustadi ule ule, akawakatia watu, akapokea sifa, huku yeye akitafuna hindi la kuchoma. Waliokuja kula nyama waliondoka na maagizo ya kunywa maji.

Ajiambo naye hakuwa ameisahau mbaazi ile. Juma lililofuata alifunga cherehani mapema, akachuma mrenda kwenye bustani iliyo nyuma ya nyumba yao, akaongeza kunde, akafunga simsim iliyosagwa aliyotumiwa kutoka Samia, akaenda mpaka kwenye nyumba ya chupa.

"Nimekuja kulipiza," akamwambia Mwanatumu. "Umempikia wangu, leo nakupikia wewe."

"Mlenda huu!" Mwanatumu akasema, akishika jani kwa vidole viwili. "Nyanya yangu alikuwa akiupika. Kwa tui."

Ajiambo akamtazama kama ametukanwa. "Nazi? Kwenye mrenda?"

"Kwani wewe watia nini?"

"Munyu. Chumvi ya majivu. Na simsim. Basi!"

"Dadangu, mlenda bila nazi ni maji ya mvua tu."

Walibishana mpaka wateja wakaacha kunywa kahawa ili wasikilize. Mwisho wakaweka sufuria mbili juu ya jiko, kila mmoja na yake, migongo ikigusana. Munir alipasua kuni akijifanya hasikii. Chakula kilipoiva, wanawake wakatoka kila mmoja na bakuli na kipande cha ugali, wakayaweka yote mbele ya Wesonga, wakasimama pande mbili za meza, mikono kiunoni.

"Haya," Ajiambo akasema. "Sema ukweli."

"Usimwogope mkeo, kaka," Mwanatumu akasema. "Useme haki."

Mutuku, aliyeketi meza ya pili akiwa na dawa zake mpya na glasi kubwa ya maji, akavuta kiti karibu asikose neno.

Wesonga akakata tonge, akalichovya bakuli la kwanza. Akatafuna amefumba macho. Akachovya la pili. Mrenda ukavutika kama uzi mrefu kutoka bakulini hadi kidevuni mwake, akaukata kwa kidole bila aibu. Akarudi la kwanza, kisha la pili, kisha la kwanza tena, na hakunyanyua kichwa mpaka mabakuli yote mawili yalipobaki yaking'aa.

"Bado sijaamua," akasema. "Niongezeeni kote."